Wakazi wa Mchanga

Fikiri, msomaji, kwamba umekabidhiwa tangi la kioo lenye furu ishirini wa Ziwa Victoria. Si wale ambao watoto wa Kisumu na Homa Bay huwavua kwa ndoana ufuoni, bali ni wa aina ambayo haijaonekana ziwani kwa miaka mingi. Zamani ziwa lile lilikuwa na mamia ya aina za furu. Mbuta, ambaye wengine humwita sangara, alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Ilipofika miaka ya 1980 akazidi mno, uchafu nao ukaongezeka majini, na aina nyingi za furu zikatoweka. Wataalamu walikuwa wamewahi kuchukua baadhi yao na kuwapeleka Ulaya na Marekani, na huko wajukuu wa wajukuu wao huogelea ndani ya vioo mpaka leo. Kwa samaki wa namna hii uzembe wa mlinzi mmoja si hasara ya siku moja. Huenda ukawa ndio mwisho wa ukoo mzima.

Kando ya tangi lako pana sanduku la kuchujia, nalo ni tupu. Maji ya samaki yatapita ndani yake usiku na mchana na kurudi tangini. Utalijaza kitu gani? Umewekewa mchanga, changarawe, makaa, sifongo, vipete vya udongo uliochomwa, na makombe yaliyopondwa. Swali laonekana dogo, walakini jawabu lake lilitafutwa kwa muda wa karne nzima, kwa kuwa watu waliliuliza jicho, na adui wa samaki haonekani kwa jicho.

Hapo kale maji mangavu yalihesabiwa kuwa maji safi. Katika mwaka wa 1785, mkemia Tobias Lowitz wa mji wa St. Petersburg alivumbua kwamba makaa ya kuni huondoa rangi na harufu katika maji machafu. Katika mwaka wa 1804, John Gibb, mwenye kiwanda cha kutakasia nguo huko Paisley, Uskoti, alichuja maji ya mto kwa mchanga na changarawe, na yaliyozidi haja yake akawauzia watu wa mji. Mwaka wa 1829 James Simpson akajenga chujio kubwa la mchanga kwa ajili ya kampuni ya maji ya Chelsea, London. Watu hawa wote waliudhani mchanga kuwa ni chekeche, yaani kitu cha kuzuia tope na kuacha maji yapite. Mchanga ukakamata tope, makaa yakakamata rangi, na watu wakaridhika.

Sasa na tuingie katika nyumba ya Robert Warington. Mtu huyu alikuwa mkemia wa chama cha watengeneza dawa wa London, na katika mwaka wa 1849 alianza jaribio ambalo kwa macho ya majirani huenda lilifanana na mchezo. Alitwaa chombo cha kioo cha galoni 12, akakitia maji ya chemchemi hadi nusu, na chini akaweka mchanga, matope na mawe, miongoni mwake mawe ya chokaa. Akapanda mmea wa majini uitwao Vallisneria, akatia samaki wawili wadogo wa dhahabu. Mambo yalikwenda vyema mpaka majani yalipoanza kuoza na maji kuchafuka. Hapo akaongeza konokono wa majini, nao wakayala majani yaliyooza, na maji yakarudia ungavu wake. Katika mwaka wa 1850 alikieleza Chama cha Kemia cha London kwamba samaki, mimea na konokono wanaweza kukaa pamoja muda mrefu bila maji kubadilishwa, kwa kuwa mmea hutoa oksijeni aivutayo samaki, na samaki hutoa hewa auitakao mmea. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka wa 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote, na ufugaji wa samaki katika vioo ukaenea kama moto wa nyika.

Maelezo ya Warington yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa kamili. Samaki hatoi hewa hiyo peke yake. Kwa matamvua yake hutoa pia amonia, nayo ni sumu isiyo na rangi. Mimea yake iliinywa kiasi fulani, hapana shaka. Lakini mimi naamini kwamba mchanga ule na mawe yale, ambayo aliyaweka zaidi ili samaki wapate pa kujificha, yalifanya kazi kubwa kuliko alivyoyashukuru. Naye alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja hivi, mwenye jina lile lile la Robert Warington. Mtoto huyu atarudi katika habari yetu.

Mwaka wa 1877, huko Ufaransa, wataalamu wawili, Schloesing na Müntz, walijaza mchanga uliochanganywa na unga wa mawe ya chokaa ndani ya bomba refu, wakamimina maji machafu ya mji polepole kutoka juu. Kwa siku ishirini hakuna kilichotukia: amonia iliyoingia juu ilitoka chini vile vile. Kisha, bila mtu kubadili chochote, amonia ikaanza kutoweka na badala yake ikatoka nitrati, chumvi isiyo na madhara makubwa. Kama mchanga ungalikuwa chekeche tu, ungalifanya kazi tangu siku ya kwanza. Wakautia mvuke wa klorofomu, dawa iliyotumiwa na waganga kuwalaza wagonjwa, na kazi ikasimama. Mchanga haulali usingizi, msomaji. Alalaye ni kiumbe hai. Waliposubiri klorofomu iishe, kisha wakatia maji kidogo yaliyooshea udongo wa shambani, kazi ikaanza tena.

Habari hizi zilimfikia Robert Warington mdogo, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, mkemia katika mashamba ya utafiti ya Rothamsted, Uingereza. Alijaribu jambo hilo katika udongo kuanzia mwaka wa 1878, akathibitisha kwamba Wafaransa wale walisema kweli. Aligundua pia kwamba kazi hiyo huendelea vizuri gizani, na mwanga huizuia. Na tena kwamba ina hatua mbili. Kwanza amonia hugeuka nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huigeuza damu ya samaki kuwa ya rangi ya kahawia na kuizuia isichukue oksijeni. Kisha nitriti hugeuka nitrati. Kila hatua ina wafanyakazi wake. Alijitahidi miaka mingi kuwatenga wafanyakazi hao peke yao, lakini mwingine akamtangulia. Huyo alikuwa Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, Uswisi. Desturi ya siku zile ilikuwa kuwakuza bakteria juu ya mchuzi uliogandishwa kwa ute wa mifupa. Winogradsky aliwaza kwamba huenda hawa hawataki karamu hiyo, akawapa maji yenye chumvi na amonia tu. Wakaota. Katika mwaka wa 1890 akatangaza kwamba duniani wako viumbe wasiokula nyama wala majani, bali huishi kwa nguvu iliyomo ndani ya amonia yenyewe.

Baba alifuga samaki bila ya kujua ni nani aliyewalinda. Mwana aliwatafuta walinzi hao katika udongo wa mashamba. Sijaona katika historia ya elimu urithi wa namna hii ulio wa ajabu kuupita.

Usidhani kwamba mambo haya yalihusu samaki na mashamba tu. Katika mwaka wa 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, mji ulionywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, kikaua watu zaidi ya 8,000. Altona, mji jirani usiotengwa nao ila kwa mpaka wa mitaa, ulichota maji ya mto ule ule, tena upande wa chini, baada ya taka za Hamburg kumiminwa ndani yake; lakini uliyachuja polepole kwa mchanga, nao ukasalimika kwa sehemu kubwa. Ngozi laini ya utelezi iotayo juu ya mchanga, ambayo mfagizi asiyejua angeikwangua kila siku kwa kuwa ni uchafu, ndiyo iliyowaokoa.

Sasa rudi kwenye sanduku lako ukiwa na maarifa haya. Hutafuti chekeche, watafuta nyumba za wapangaji. Bakteria hawa hushikamana na kuta, kwa hiyo kitu bora ni kile chenye kuta nyingi mahali padogo, na ambacho maji yenye oksijeni yaweza kupita ndani yake. Mchanga laini una kuta nyingi sana, lakini huziba upesi, na maji yakizuiwa wapangaji hukosa pumzi. Vipete vya udongo uliochomwa vina vitundu visivyohesabika. Vivyo hivyo mawe mepesi ya volkano, ambayo Bonde letu la Ufa halikunyimwa. Kwa furu mimi ningetanguliza sifongo, kwa sababu jike wa furu hulea mayai na watoto kinywani mwake, na siku awatemapo, watoto hao wadogo hawafyonzwi na sifongo kama wafyonzwavyo na tundu la bomba.

Makaa yana sifa yake ya tangu Lowitz: huondoa rangi, harufu, na mabaki ya dawa. Lakini amonia huiacha ipite, na baada ya majuma machache hujaa. Liko pia jiwe liitwalo zeoliti, lililopewa jina na Cronstedt wa Uswidi mwaka wa 1756, ambalo huinasa amonia kweli. Lakini nalo hujaa, tena huwanyang'anya bakteria chakula chao. Liweke kwa siku ya dharura. Mboji ya kinamasi huyatia maji ukali na rangi ya chai; wapewe samaki wa Amazon walioizoea, si furu.

Makombe yaliyopondwa yataka maneno zaidi. Bakteria wageuzapo amonia huzalisha asidi, na maji yakiwa makali mno kazi yao hudhoofu. Ndiyo maana wale Wafaransa walichanganya chokaa na mchanga. Makombe huyeyuka kidogo kidogo na kuituliza asidi hiyo. Lakini sikiliza upande wa pili. Maji yakiwa na kipimo cha pH cha 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki 1 kwa mia. Kipimo kikiwa 8, hufika kama 5 kwa mia. Kikiwa 9, huzidi 35. Kwa hiyo maji yawafaayo furu, ambayo huelekea upande wa magadi, ndiyo yasiyosamehe amonia. Hakikisha kwanza kwamba nyumba zimepata wapangaji kabla ya kuwaleta samaki. Chukua sifongo iliyokwisha zoea katika tangi la zamani, la samaki wenye afya, uitie katika sanduku jipya; la sivyo utangoja majuma manne hadi sita, kama Schloesing na Müntz walivyongoja siku zao ishirini.

Na wakati wa kuosha, usioshe kwa maji ya bomba la mji, kwa maana klorini iliyomo itawaua wapangaji wote. Osha kwa maji yaliyotolewa tangini, tena nusu leo na nusu baada ya majuma kadhaa. Umeme ukikatika, wakumbuke wao kabla ya samaki: maji yakisimama ndani ya sanduku, oksijeni humalizika humo upesi kuliko tangini.

Habari ya wapangaji hawa haijakoma. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu walishika neno la Warington mwana kwamba kazi ni ya hatua mbili na kila hatua ina wenyewe. Katika mwaka wa 2015 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba wako bakteria wa jamii ya Nitrospira ambao kila mmoja huichukua amonia na kuifikisha peke yake mpaka nitrati. Kundi moja lilikuwa limewapata katika bomba la maji ya moto yatokayo chini sana ya ardhi huko Urusi. La pili liliwapata ndani ya kichujio cha maji ya samaki wa kufugwa.