Munich na siasa ya programu huria

Mwaka 2003 halmashauri ya jiji la Munich, Ujerumani, ilikuwa na kompyuta zipatazo 14,000 zilizotumia Windows NT 4.0, mfumo uliokuwa ukielekea kukosa huduma ya kampuni iliyouunda. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, alikwenda mwenyewe kumwona Meya Christian Ude. Hata hivyo, madiwani wakachagua Linux.

Mfumo mpya ulihitaji programu za kazi. Kwa barua na majedwali jiji lilichukua OpenOffice, baadaye LibreOffice. Kwa violezo vya nyaraka za idara likaunda WollMux, kisha likaitoa kwa umma iwe huria. Mwaka 2013 kazi ikatangazwa kukamilika.

Mwaka 2014 akaingia meya mpya, Dieter Reiter. Mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurejea Windows. Mwaka 2020 muungano mpya wa vyama ukaahidi tena kutanguliza programu huria.

Wapo waonao hapa ushahidi kwamba programu huria hazifai. Lakini tuzitazame tarehe: kila mgeuko ulitokana na kura. Anayechagua programu za ofisi ya umma huamua pia nani atashika ufunguo wa nyaraka za wananchi. Uamuzi huo si wa kuwaachia mafundi peke yao.