Wapiganapo Tembo, Darasa la Kwanza Huumia

Juma hili nakuomba tufunge safari hadi Marekani, tukapige hodi katika shule ya msingi. Huko kuna ugomvi wa karibu miaka mia mbili, na wala si wa ardhi wala wa mali. Wanagombania swali moja tu: mtoto afundishwe vipi kusoma?

Wewe na mimi tulianza na a, e, i, o, u, kisha tukaimba ba, be, bi, bo, bu mpaka makoo yakakauka. Kiswahili kina huruma kwa msomaji. Irabu zake ni tano, na kila moja ina sauti ileile popote utakapoikuta. Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi 26 zinabeba sauti zaidi ya 40, na mtoto aliyekwisha kulijua neno "though" bado atakwama kwenye "through" na "cough", ingawa kwa macho yanafanana kama watoto wa tumbo moja.

Hapo ndipo wataalamu walipogawanyika. Kambi moja husema: mfundishe mtoto sauti za herufi, aziunganishe mwenyewe. Kambi ya pili husema: herufi tupu zinamchosha, mwonyeshe neno zima, mpe hadithi tamu, na kusoma kutakuja kwenyewe.

Katika miaka ya 1840, Horace Mann, katibu wa bodi ya elimu ya jimbo la Massachusetts, alishambulia desturi ya kuanza na alfabeti, akasifu neno zima. Mwaka 1844 walimu 31 wa Boston wakamjibu kwa maandishi makali. Kambi ya neno zima ikaja kupata nguvu, hata katikati ya karne ya 20 watoto wengi wa Marekani wakawa wanasomea vitabu vya Dick na Jane, vyenye maneno machache yanayorudiwarudiwa chini ya picha. Mwaka 1955 Rudolf Flesch, mzaliwa wa Vienna, akatoa kitabu kuwaeleza wazazi kwa nini Johnny wao hawezi kusoma: hakufundishwa sauti za herufi. Mwaka 1967 Jeanne Chall wa Chuo Kikuu cha Harvard akapitia utafiti wa miaka mingi, akaona kwamba wanaoanza na sauti ndio wanaofanya vizuri zaidi.

Ungedhani kesi imekwisha. La hasha! Mwaka 1987 jimbo la California likapitisha mwongozo mpya wa lugha uliotanguliza hadithi na kuziweka sauti za herufi pembeni. Nia ilikuwa njema, maana walitaka watoto wapende vitabu. Mtihani wa taifa wa mwaka 1994 ukaionyesha California miongoni mwa majimbo ya mwisho kabisa kwa kusoma. Mwaka 1995 na 1996 jimbo likageuza njia. Bill Honig, aliyekuwa mkuu wa elimu wa jimbo wakati mwongozo ule unapitishwa, naye akaandika kitabu cha kutetea mafunzo ya sauti. Namheshimu kwa hilo. Lakini mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 1987 alikuwa amekwisha kufika miaka kumi na minne. Nani alimrudisha darasa la kwanza?

Mwaka 2000 jopo lililoundwa kwa agizo la Bunge la Marekani likatoa jawabu lile lile la Chall. Pamoja na hayo, mwaka 2003 jiji la New York, lililokuwa na wanafunzi zaidi ya milioni moja wakati huo, likachagua mtindo ulioitwa wa mizani. Katika mtindo huo, mtoto akikwama aliweza kuambiwa atazame picha, aangalie herufi ya kwanza, kisha akisie. Akiona picha ya farasi akasema "punda", anakuwa amekisia. Hajasoma.

Mwaka 2022 mwandishi wa redio, Emily Hanford, alitoa mfululizo wa vipindi kueleza jinsi mbinu ya kukisia ilivyouzwa kwa shule nyingi ilhali watafiti walikwisha kuikataa. Mei 2023 New York ikageuka. Kila moja ya wilaya 32 za elimu za jiji ilitakiwa kuchagua mtaala mmoja kati ya mitatu. Manung'uniko yakaanza upya. Wakuu wa shule walilalamika kwamba uamuzi umetoka juu na muda wa kujiandaa ni mfupi. Wilaya nyingi zilichukua mtaala ambao wakosoaji wake walisema umejaa vipande vya hadithi badala ya vitabu vizima. Yaani sauti zinarudi kwa mlango wa mbele, vitabu vinatokea mlango wa nyuma!

Hasira yangu iko hapo. Kila kambi ina nusu ya ukweli. Mtoto anahitaji sauti ili aweze kusoma, na anahitaji kitabu kizuri ili atake kusoma. Wakubwa wanapobadilishana zamu, kila mmoja hutupa nusu ya mwenzake, na anayelipa ni yule ambaye darasa la kwanza hulipitia mara moja tu.

Tusiwacheke. Hata hapa Tanzania ilibidi mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili urudishwe kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Basi jioni ya leo, mzazi mwenzangu, mketishe mwanao na kitabu chake. Funika picha kwa kiganja, kisha mwambie akusomee. Akisoma, mpe hadithi nyingine. Akinyamaza, kesho nenda shuleni ukaulize, kwa adabu, wanamfundishaje.