Ukomazaji wa Mvinyo wa Syrah

Ukomazaji wa mvinyo wa Syrah ni desturi ya kuulaza mvinyo mwekundu wa zabibu za aina ya Syrah, ukiwa ndani ya chupa iliyozibwa, mahali penye giza na ubaridi usiobadilika, kwa miaka kadhaa au hata miongo kabla ya kunywewa, ili ukali wake wa ujanani upungue na harufu mpya zijitokeze. Mvinyo mwingi duniani hutengenezwa unywewe mapema, na kuuweka muda mrefu ni kuuharibu. Lakini Syrah iliyotoka kwenye miteremko mizuri, kwa mizabibu isiyobebeshwa matunda mengi, ni miongoni mwa aina chache zinazomlipa mwenye subira malipo ambayo mnywaji wa chupa changa hawezi kuyakisia.

Asili ya zabibu hiyo ni kusini-mashariki mwa Ufaransa. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzao wa Montpellier, ulibaini kwamba wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, aina mbili za Ufaransa, na hivyo ukaiondolea nguvu hekaya iliyodai kuwa ilitoka mji wa Shiraz huko Uajemi. Jina la Shiraz limebaki likitumika Australia, ambako James Busby alipeleka vipandikizi mwaka 1832. Makao yake yenye sifa kuu ni kaskazini mwa bonde la mto Rhône, katika maeneo ya Côte-Rôtie, Cornas na kilima cha Hermitage, chenye mashamba yasiyozidi hekta 140 juu ya mji wa Tain. Syrah hulimwa pia Afrika Kusini, Marekani na, kwa kiasi kidogo, Dodoma nchini Tanzania.

Sababu ya mvinyo huu kuvumilia miaka imo katika ganda la tunda. Ganda hilo lina antosiani, yaani kemikali zinazotoa rangi ya zambarau, na tanini, ambazo pia hupatikana kwenye mbegu na ndizo zinazoleta ukakasi kinywani, kama ule wa bibo. Mvinyo ukiwa mchanga, tanini hizo hukamata ulimi na ufizi. Lakini kadiri miaka inavyopita, na oksijeni kidogo mno ikipenya kwenye kizibo, tanini na antosiani huungana na kufanya minyororo mirefu, ambayo mingine huwa mizito kiasi cha kuzama na kutulia chini ya chupa kama mashapo. Ndiyo maana rangi hugeuka kutoka zambarau iliyokolea kuwa nyekundu ya tofali, na ukakasi hulainika pasipo mtu kuongeza wala kupunguza kitu.

Harufu nayo hubadilika, na hapo ndipo yalipo malipo makubwa zaidi. Syrah changa hunukia matunda meusi ya porini, maua na pilipili manga. Harufu ya pilipili hutokana na rotundoni, kemikali ambayo watafiti wa Australia waliitambua katika mvinyo huu mwaka 2008, na ambayo pua huinasa hata ikiwa nanogramu 16 tu katika lita moja, ingawa takriban mtu mmoja kati ya watano hawezi kuinusa kabisa. Baada ya miaka kumi au zaidi, matunda mabichi huachia nafasi zeituni nyeusi, ngozi, tumbaku, nyama iliyokaushwa kwa moshi na uyoga. Sehemu ya harufu hizo huletwa na dimethili salfaidi, kemikali ya salfa ambayo huongezeka polepole ndani ya chupa na ambayo ikizidi huwa kero, lakini ikiwa kwa kipimo huupa mvinyo kina usichokuwa nacho siku ulipofungwa.

Safari hiyo haiendi kwa mstari ulionyooka. Hermitage yenye nguvu huweza kupendeza katika miaka yake ya kwanza, kisha ikajifunga kwa miaka kadhaa, matunda yakafifia na tanini zikabaki peke yake, kiasi kwamba anayeifungua wakati huo hudhani ameuziwa bidhaa mbovu. Kwa makadirio ya jumla, mvinyo mwingi wa eneo jirani la Crozes-Hermitage hufaa kunywewa ndani ya miaka kumi, Cornas huhitaji kati ya kumi na ishirini, na Hermitage ya mwaka mzuri huweza kuendelea kupanda hadi miaka thelathini na zaidi.

Ushahidi mzito zaidi wa hatari ya kuihukumu Syrah mapema ni historia ya mvinyo uitwao Grange wa Australia. Max Schubert, mtengenezaji mvinyo wa kampuni ya Penfolds, alizuru Ulaya mwaka 1950, akaonja huko Bordeaux mvinyo wa miaka 40 hadi 50 uliokuwa bado hai, akarudi nyumbani akiwa na nia ya kutengeneza wake utakaodumu vivyo hivyo. Kwa kuwa Cabernet Sauvignon ilikuwa adimu, alichagua Shiraz, na mwaka 1951 akafanya jaribio la kwanza. Chupa hizo zilipoonjwa zikiwa changa zilidharauliwa, na mwaka 1957 uongozi ukamwamuru aache. Schubert aliendelea kimyakimya bila fedha za mapipa mapya ya mwaloni, hadi chupa za mwanzo zilipolainika na kuonjwa upya, na agizo likatenguliwa kabla ya mavuno ya 1960. Mvinyo ulikuwa uleule. Kilichopungua mara ya kwanza kilikuwa muda.

Hifadhi bora ni nyuzijoto 12 hadi 14 za Selsiasi, unyevu wa hewa wa asilimia 70 hivi, giza na utulivu, chupa ikiwa imelazwa ili kizibo cha gome kisikauke. Joto ndilo adui mkuu, kwani huharakisha mabadiliko yote, mazuri na mabaya, na kuvuruga mpangilio wake. Hivyo katika miji ya pwani kama Mombasa au Dar es Salaam, kabati la kawaida la nyumbani halifai, na anayetaka kukomaza huko hana budi kuwa na jokofu maalumu la mvinyo. Siku ya kunywa ikikaribia, chupa husimamishwa wima kwa siku nzima ili mashapo yashuke, kisha mvinyo humiminwa taratibu katika chombo kingine mbele ya taa, na mkono husimama mara tu wingu la mashapo linapofika shingoni. Chupa kongwe sana hainufaiki kwa kuachwa wazi muda mrefu, kwa sababu harufu zake laini hupotea haraka hewani.