Manusura na Somo Yake: Juu ya Muawana wa Waliopatwa na Kiharusi Kibaha na Kisarawe

Limezoeleka siku hizi, katika magazeti na katika vikao vya matabibu, neno manusura kwa maana ya mtu aliyefikwa na jambo la kumwangamiza naye asiangamie. Na kwa kuwa neno hilo sasa hutumika pia kwa waliopatwa na kiharusi, si kupoteza wakati kulichungua kidogo kabla ya kuingia katika maudhui yetu. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa nusura na kunusuru, na umbo lake ni la kutendwa: manusura si yule aliyejiokoa, bali ni yule aliyeletewa nusura na mwingine. Lugha, basi, imekwisha kutuuliza swali ambalo hospitali zetu aghalabu haziliulizi, nalo ni hili: mtu huyu atokaye wodini ilhali nusu ya mwili wake haimtii, akishafika nyumbani ananusuriwa na nani?

Nadai katika makala haya kwamba ananusuriwa na jamaa wanaomwuguza, na kwamba ilimu wanayoihitaji zaidi jamaa hao na mgonjwa wao haimo mikononi mwa daktari, hata awe hodari namna gani, bali imo kwa wale waliokwisha kupita njia hiyo hiyo kabla yao. Nadai pia kwamba watu wa mwambao wetu hawana haja ya kungoja wageni waje kuwafundisha jambo hili, maana wanalo katika mila zao tangu kale, ila hawajafikiri kulileta kando ya kitanda cha aliyepooza.

Kibaha iko kando ya barabara iendayo Morogoro, mwendo wa takriban kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, nayo ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Kisarawe iko kusini yake, juu ya vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, na mbele ya hapo ni mihogo, minazi na mikorosho mpaka Maneromango na Mzenga. Si mji hasa, wala si shamba hasa. Mtu huamkia Kariakoo kuuza, akarudi kulala Picha ya Ndege. Hula kama watu wa mjini, hukaa kitako siku nzima kama wao, na presha yake haipimwi mpaka siku atakapoanguka. Nalitaja hili kwa sababu utafiti uliofanywa nchini mwetu kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kwamba, baada ya kusawazisha hitilafu za umri, wilayani Hai, katika mashamba ya Kilimanjaro, watu wapatao 109 katika kila 100,000 walipatwa na kiharusi kwa mwaka, na katika mitaa ya Dar es Salaam watu 316. Mji ulikuwa umelizidi shamba karibu mara tatu, na mji huo sasa umekwisha kuvuka Kiluvya unakuja.

Kuna natija nyingine, iliyochapishwa mwaka 2008, ambayo msomaji aliyezoea kudhani kwamba mji ni nuru na shamba ni giza ataistaajabia. Watafiti waliowahoji watu wa sehemu hizo hizo mbili walikuta kwamba ni Dar es Salaam ndiko kiharusi kiliponasibishwa sana na majini na uchawi, ilhali huko Hai wengi walitaja sababu za kimaumbile. Kwa mtu wa Pwani hili halina ajabu. Maradhi yanayompiga mtu ghafula, yakamkunja mdomo upande na kumfunga ulimi, akacheka pasipo kichekesho na kulia pasipo msiba, yafanane na nini kama si upepo? Hata hivyo mshipa wa damu ulioziba au kupasuka ubongoni hauzibuliwi kwa ngoma, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, ina faida katika saa nne na nusu za mwanzo tu. Saa hizo zikiishia kwa mganga hazirudi.

Lakini tukishakwisha kumlaumu mganga, na tutazame kwa insafu kinachotendeka kilingeni. Mgonjwa haketi peke yake. Wamemzunguka wateja, kwa maana ya asili ya neno hilo kabla wafanyabiashara hawajalichukua, yaani watu ambao nao waliwahi kuaguliwa hapo, wakatunzwa, na baada ya kupata nafuu wakawa wanachama wa ngoma ile. Kila mmoja aweza kumwambia mgeni: hata mimi nilikuwa hivi. Hospitali humpa mgonjwa vidonge vyenye manufaa yaliyothibitishwa, kisha ikamrudisha nyumbani akiwa mkiwa. Kilinge humpa tiba isiyofaa kitu, lakini humpa jamii. Siamini kwamba jamaa wanaokwenda huko wanakwenda kwa ujinga mtupu. Wanafuata kitu cha pili, nacho ni haki yao kukipata pasipo kulipia mbuzi mweusi.

Mjomba wangu, mkulima wa mikorosho upande wa Maneromango, alianguka alfajiri moja akienda kutawadha. Mkono na mguu wa kulia vikafa, na maneno yakamtoka kinywani kama mawe. Hospitali iliyompokea, ambayo sina haja ya kuitaja, ilimpa ruhusa siku ya tisa na karatasi yenye majina ya vidonge vitatu. Hakuna aliyemwonyesha mkewe namna ya kumvika shati. Mkazamjomba alihangaika majuma mawili, akianza kila asubuhi na mkono mzima kwa kuwa ndio uliokuwa mwepesi, kisha akiuvuta ule mwingine mpaka shati likachanika kwapani na mgonjwa akatokwa machozi. Aliyemfungua macho hakuwa tabibu, alikuwa fundi cherehani wa jirani, aliyepooza miaka sita nyuma, naye alikuja akichechemea kwa mkongojo, akaketi barazani, akasema maneno sita: mkono mgonjwa hutangulia kuvaa, huchelewa kuvua. Kisha akavua shati lake mwenyewe na kulivaa tena mbele yetu, polepole, kwa mkono mmoja na meno. Akakataza pia mgonjwa asiinuliwe kwa kuvutwa mkono ule, kwani bega lililolegea huteguka, akaomba khanga, akaonyesha namna ya kuufunga mkono usining'inie anaposimamishwa.

Fundi huyo alitutatulia na jambo jingine lililokuwa limeigawa nyumba. Mjomba hakuweza kulitamka jina la mwanawe wa kwanza, wala kuomba maji. Lakini usiku wa maulidi, kasida ilipopandishwa, aliiitikia yote, beti kwa beti, kwa sauti safi. Nusu ya jamaa wakasema anajifanya. Nusu nyingine wakasema anayeimba si yeye. Fundi alicheka. Alisema kwamba mwaka wake wa kwanza aliweza kuhesabu moja mpaka ishirini kama mtoto wa shule, ila akiulizwa ana watoto wangapi alikuwa bubu. Matabibu wa ubongo wanalijua vema jambo hili: maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, kama dua, hesabu, nyimbo na hata matusi, hayatoki kwa namna moja na maneno ambayo mtu huyatunga papo hapo, na kiharusi chaweza kuyafuta haya kikayaacha yale. Elimu hiyo imo vitabuni. Lakini iliyotuingia ni ile iliyosemwa na mtu ambaye tulimwona kwa macho yetu akimtuma mtoto dukani kwa sentensi kamili.

Sasa, je, hili ni jambo geni kwetu? Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa Kisarawe na sehemu kubwa ya Kibaha, walimweka mwali ndani kwa miezi, pengine kwa miaka, na waliyempa kumfundisha hakuwa mwanamke mwenye sifa ya maneno mengi, bali alikuwa somo, ambaye sharti lake la kwanza ni kwamba yeye mwenyewe amewahi kuwa mwali. Manusura wa kiharusi naye amewekwa ndani asipopenda. Anajifunza upya kula, kutembea, kujisitiri chooni, kushika udhu kwa mkono mmoja na kuswali ameketi. Na kama mwali asivyofundishwa na asiyepitia unyago, huyu naye hafundishiki sawasawa na mwenye mikono miwili. Daktari aweza kumwambia kwamba nafuu kubwa aghalabu huja katika miezi sita ya mwanzo. Somo ndiye atakayemwambia namna ya kukuna nazi: kwamba mtoto aivunje, kwamba sinia liwekwe juu ya kitambaa kilicholoweshwa lisiteleze, na kwamba uzito wa mwili wako juu ya mbuzi utafanya kazi ambayo mkono wa pili umeikataa. Kwa mwanamke wa Pwani aliyedhani kwamba hatapika tena, maelezo hayo si madogo.

Tena somo ana ruhusa ya utani. Asiyepooza akimcheka aliyepooza amemkosea adabu. Lakini mchechemeaji akimwambia mchechemeaji mwenziwe kwamba leo amevaa kandambili moja na ya pili ameiacha njiani pasipo kujua, wote wawili hucheka, na kicheko hicho huvunja huzuni ambayo jamaa, kwa heshima, hawathubutu kuigusa. Huzuni yenyewe ni maradhi ndani ya maradhi: takriban theluthi moja ya waliopatwa na kiharusi huingia katika sonona, nayo nyumbani huitwa ukali, au uvivu wa kufanya mazoezi.

Lugha yetu humwita muuguzi yule aliyesomea kazi na muuguzaji yule anayemtunza mgonjwa wake nyumbani. Wa kwanza ana zamu na mshahara, na wa pili hana zamu. Mkazamjomba alimgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgongo, na katika miaka minne simkumbuki akilala usiku mzima. Alipompeleka kliniki walipanda bodaboda mtindo ambao vijana huuita mshikaki, dereva mbele, yeye nyuma, na mjomba katikati amefungwa kwake kwa khanga. Ukimwuliza mtu kama huyo hajambo, atakujibu kwa hali ya mgonjwa. Kikao cha waliopatwa na kiharusi kisichomwekea na yeye mkeka wake, akae na wenziwe, aseme hata yale ya kinyaa na hasira ambayo mbele ya mgonjwa hayasemeki, kitakuwa kimefanya nusu ya kazi.

Kibaha isingepaswa kuhitaji kushawishiwa. Mradi ulioanzishwa huko kwa mkataba wa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi, na kukabidhiwa kwetu mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha, uliweka shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima katika uwanja mmoja, kwa kuwa waasisi wake walijua kwamba maradhi hayaondoki kwa sindano peke yake. Miaka mitatu baadaye kampeni ya Mtu ni Afya iliwaketisha watu wapatao milioni 2 nchini kote kuizunguka redio, vikundi kwa vikundi, kila kikundi na kitabu na mshauri wake, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ukimwi ulipoingia, Noerine Kaleeba na wenziwe walianzisha TASO Uganda mwaka 1987, na Dar es Salaam ikapata WAMATA mwaka 1989. Wenye virusi na jamaa zao wakawa walimu wa wenzao wakati tabibu hakuwa na dawa ya kuwapa. Hata Uingereza, mcheza filamu Patricia Neal alipopigwa na kiharusi mwaka 1965, mumewe Roald Dahl aliwapanga majirani wa kijiji cha Great Missenden waje kwa zamu kumfundisha maneno, na mwaka 1968 alionekana tena katika filamu. Jirani mmoja, Valerie Eaton Griffith, akaandika kitabu juu ya njia hiyo mwaka 1970. Majirani kuingia kwa zamu nyumbani kwa mgonjwa! Bibi zetu wangeshangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kitabu.

Ziko hoja za kunipinga, nazo si za kupuuzwa. Penye kundi la wagonjwa hufika mwuza mafuta ya miujiza. Aliyepona upesi huwavunja moyo wasiopona. Tena kundi halipimi presha, wala halichukui nafasi ya mtaalamu wa viungo. Hofu iliyo kubwa kwangu ni ile ya mtu kusimama na kusema, nami niliacha vidonge na niko salama. Lakini hapo hapo ndipo faida ilipo, kwani fundi wetu alikuwa ameviacha, kwa kudhani amepona, akaanguka mara ya pili. Na alipotusimulia hayo huku akiushika mguu wake wa kulia, mjomba, aliyekuwa akivitema vidonge mtungini tusipomwona, aliacha kuvitema.

Kwa hiyo sipendekezi jengo, wala katiba, wala mwenyekiti. Ipo siku ya kliniki ya presha, ambayo watu huja kwa hali yoyote na hungoja saa nyingi kwenye mabenchi, kila mmoja akitazama mlango. Benchi zigeuzwe zitazamane. Muuguzi amtaje aliyepooza zamani kwa yule aliyepooza juzi, na mzee wa mtaa ajue nyumba ya kumpeleka somo pale ambapo mgonjwa hawezi kuja.

Mjomba alifariki katika mwaka wa nne. Mkazamjomba alikaa eda miezi minne na siku kumi, na nyumba ya kwanza aliyoiingia alipotoka ilikuwa ya nne kutoka kwake, ambako binti mmoja alikuwa amemketisha baba yake ukingoni mwa kitanda, akimvika shati kwa kuanzia mkono mzima. Hakusema kitu. Alilichukua lile shati, akalipindua, akautafuta mkono wa pili.