Mwenye Nyumba Aliyeshika Ufagio

Wako watu wasemao kwamba hadithi za upelelezi ni za kupitishia wakati tu, na kwamba mwanachuo wa historia hana la kuokota humo. Neno hili yafaa tulipime kwa mfano mmoja, nao ni riwaya za Walter Mosley, mwandishi aliyezaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1952.

Mtu wake mkuu ni Easy Rawlins, mtu mweusi aliyepigana katika Vita Kuu ya Pili, kisha akatoka Texas kwenda Los Angeles, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi wa kusini waliofuata kazi za viwandani. Katika Devil in a Blue Dress (1990), ambayo mambo yake yatokea mwaka 1948, Easy amefukuzwa kazi naye ana deni la kijumba chake. Hofu ya kukipoteza kijumba hicho, wala si kiu ya ushujaa, ndiyo imtiayo katika upelelezi.

Katika A Red Death (1991) tumefika mwaka 1953. Easy sasa ana majumba ya kupangisha, walakini wapangaji hawajui. Mbele yao hushika ufagio akajifanya mtumishi, na kodi hukusanywa na Mofass, ambaye wao humdhania kuwa ndiye mwenye amri.

Kwa nini mtu aifiche mali yake? Katika riwaya, Easy aogopa kuulizwa na watoza kodi wa serikali alikozipata fedha. Lakini nyuma ya hofu hiyo iko historia. Kwa miaka mingi hati za nyumba nyingi za Los Angeles zilikuwa na sharti kwamba mtu mweusi asiuziwe wala asikae humo. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley v. Kraemer, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama zisitumiwe kuyatia nguvu masharti hayo. Mwaka 1953, katika Barrows v. Jackson, kesi iliyotoka Los Angeles yenyewe, ikakataza hata kumdai fidia mwenye nyumba aliyelivunja sharti. Huo ndio mwaka wa riwaya yetu. Hata hivyo hukumu haifungui milango kwa siku moja. Watu weusi walizidi kusongamana katika mitaa michache, na penye vyumba vichache na wahitaji wengi, mwenye nyumba huwa mfalme.

Ndipo aingiapo Poinsettia Jackson, mpangaji mgonjwa ambaye kodi imemlimbikia. Mofass ataka atolewe. Easy amwonea huruma, lakini hamfunulii kwamba nyumba ni yake. Siku moja akutwa amening'inia, amekufa. Msomaji auliza: ni nani aliyemwua? Jawabu la swali hilo lipo mwishoni mwa kitabu. Lakini liko swali la pili, lisilomalizwa na mpelelezi yeyote: mwenye nyumba aliyezijua shida za mpangaji wake, akanyamaza ili siri yake isitoke, ana sehemu gani katika kifo hicho? Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Easy aliificha mali yake ili aihifadhi, na kwa kuificha akajinyima uwezo wa kutenda wema nayo.

Yaliyofuata yajulikana. Mwaka 1964 wapiga kura wa California waliifuta sheria iliyokataza ubaguzi katika kupangisha na kuuza nyumba. Agosti 1965 mtaa wa Watts uliwaka moto kwa siku sita, watu 34 wakafa. Mosley aliyarudia majivu hayo katika Little Scarlet (2004).

Basi mwanachuo asizidharau hadithi hizi. Hukumu za mahakama zatuambia sheria ilisemaje. Riwaya yatuonyesha mtu amesimama ngazini, ufagio mkononi, akisikiliza mlango wa chumba kilichokuwa chake.