Tambi za taa na tambi za karai

Juma lililopita mjukuu wangu aliye gredi ya sita alirejea kutoka shuleni, hapa Busia, uso umemshuka. Darasa lao lilikuwa limetakiwa liandike insha ya kueleza namna ya kupika chakula mtu anachokipenda. Yeye alieleza jinsi ya kukaanga tambi kwa njia ya Kichina: moto mkali, mboga, yai, na dakika chache tu. Mwalimu alilipigia neno "tambi" mstari mwekundu kila lilipojitokeza, mara saba kwa hesabu yangu, kisha pembeni akaandika: "Tambi ni za taa. Hizi ni noodles." Alama zikakatwa.

"Kuka," mtoto akaniambia, "si ni wewe uliniambia zinaitwa tambi? Umeniponza."

Kweli nilimponza, na sasa nina deni la kulipa.

Mwalimu hakukosea kabisa. Utambi mmoja, tambi nyingi: ule uzi wa pamba unaonyonya mafuta ya taa na kuwaka. Lakini Kiswahili kina tambi nyingine, ya ngeli ya I-ZI, nayo ni chakula cha unga wa ngano kilichokandwa na kufanywa nyuzinyuzi. Kamusi zetu zinayo. Mimi naamini chakula kilipata jina kwa kufanana na uzi wa taa. Waitaliano nao walipozitazama tambi nyembamba waliziita vermicelli, maana yake vijinyoo. Wao waliona minyoo, sisi tukaona utambi. Sitaki kujisifu, lakini nani alikuwa na macho ya mlaji hapo?

Chakula chenyewe ni cha kale mno. Mwaka wa 2005 wanasayansi walitangaza kwamba huko Lajia, kaskazini-magharibi mwa China, palifukuliwa bakuli lililopinduka, na chini yake tambi za mtama mdogo zenye umri wa miaka 4,000 hivi. Watu wengi hudai kwamba Marco Polo ndiye aliyezibeba kutoka China hadi Italia aliporejea mwaka wa 1295. Hadithi tamu hiyo, ila mwanajiografia Mwarabu, al-Idrisi, alikuwa ameshaandika mwaka wa 1154 kuhusu tambi zilizokuwa zikitengenezwa Sicily na kusafirishwa kwa meli. Waarabu walizijua, Wahindi walizijua, na watu wa pwani yetu, waliofanya biashara na hao wote, wakazipokea na kuzipika kwa namna yao. Mpaka leo Mombasa, Lamu na Unguja, mwezi wa Ramadhani ukiingia, tambi hukaangwa kwa samli mpaka zigeuke rangi, zikatiwa maji, sukari, iliki na zabibu. Kwa hivyo Mswahili alikuwa anakaanga tambi kabla pakiti hazijafika dukani.

Mimi lakini sikukutana na neno hili pwani. Nilikutana nalo Malaba.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami mvulana. Nilizoea kutumwa kwa mjomba wangu aliyekuwa na kiduka kando ya barabara, karibu na mpaka. Nasema mpaka, ila marehemu babu alikuwa akicheka akilisikia neno hilo. Yeye alizaliwa Uganda na akazeekea Kenya bila kuhama boma lake, kwa kuwa tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso, Wasamia na wengine wakajikuta huku na huku. Wakati ninaousimulia Idi Amin alikuwa ameshika dola ng'ambo, na sukari, chumvi na sabuni zilikuwa adimu kama machozi ya samaki. Ndipo nilipojifunza neno magendo. Hilo ni Kiswahili, lakini hata Waganda waliokidharau Kiswahili kwa kukiona lugha ya askari walilitumia kila siku, maana ndilo lililowalisha.

Malori kutoka Mombasa yalikuwa yakipanga foleni pale kama yanavyopanga hadi leo, na watu wake wakipika chini ya trela. Siku moja nilisimama kumtazama utingo mmoja akivunjavunja vijiti vyembamba na kuvitia katika karai lenye mafuta moto. Nikamuuliza ni nini.

"Tambi, kijana. Kwani nyinyi huku bara mwala nini?"

"Obusuma," nikamjibu.

Akacheka hadi akapaliwa, lakini alinipa kijiko. Nililipata neno na chakula kwa pamoja, na tangu siku hiyo sijawahi kuvitenganisha.

Sasa nije kwa hoja ya mwalimu, kwa sababu anaweza kunijibu, na jibu lenyewe lina nguvu. Hapa Busia ndipo lilipozaliwa neno bodaboda. Kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na mwendo wa kumchosha mtu mwenye mzigo, vijana wenye baiskeli wakaanza kubeba abiria huku wakiita "boda! boda!", yaani mpaka hadi mpaka. Hapakuwa na baraza la lugha lililoketi kulipitisha. Lilipanda baiskeli, likashuka, likapanda pikipiki, na leo limo kamusini. Mwalimu anaweza kuuliza: ikiwa umma ulitupa bodaboda, mbona umma huohuo usitupe noodles?

Jibu langu ni kwamba bodaboda lilikuta nafasi wazi. Hatukuwa na jina la kazi ile. Tambi tulikuwa nalo. Mtoto akisema noodles akiwa na wenzake sina ugomvi naye, na hata mimi dukani huagiza "Indomie" ili nisichelewe. Lakini kumkata alama aliyelitumia neno la Kiswahili katika insha ya Kiswahili, hapo sikubali.

Na hilo la Indomie, msomaji, ni kichekesho kidogo. Mnamo 1958 Momofuku Ando alianza kuuza Japani tambi zilizokwisha kukaangwa na kukaushwa, za kumwagiwa maji moto tu. Mwaka wa 1972 Indonesia ikatoa zake, Indomie: Indo ni Indonesia, na mie ni neno lao la tambi, walilolipata kwa Wachina wa Fujian. Kwa hiyo anayeniambia "Indomie si tambi" ananiambia kwamba tambi za Indonesia si tambi.

Jumamosi nilimwita mjukuu jikoni tuipike insha yake. Nilitaka aone ni nini hasa cha Kichina ndani yake, kwa sababu kabichi ni ya hapa sokoni na mayai ni ya kuku wa bibi yake. Cha Kichina ni mwendo. Wao hutumia chuma chembamba chenye tumbo la mviringo juu ya moto mkali, kila kitu kikatwe vipande vidogo ili kiive upesi bila kumaliza kuni. Chombo hicho tunacho tayari. Karai lilitujia kutoka India, jina na umbo, na hapa Busia ndilo linalokaangia mandazi na viazi. Rolex ya Waganda, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, ilivuka bila hata karai: bamba la chuma tu, na jina ambalo kwa asili ni la mayai hayohayo, wala si la saa.

Tulichemsha tambi dakika tatu, tukazichuja na kuzipaka mafuta kidogo zisigandamane. Karai likashika moto hadi likaanza kutoa moshi. Kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi. Halafu karoti na hoho, kabichi mwisho. Tukavisogeza kando, yai likavurugwa katikati, tambi zikaingia, sosi ya soya vijiko viwili, na kugeuza, kugeuza. Usifunike; ukifunika utakuwa umezitokosa, na hicho ni chakula kingine. Mimi nilisahau chumvi, kisha nikakumbuka kwamba sosi ya soya ina chumvi ya kutosha. Dakika tano hivi, basi.

Tulipomaliza kula alileta daftari na kunionyesha insha aliyoiandika upya, kwa kuwa mwalimu aliwaruhusu kusahihisha na kurudisha Jumatatu. Kichwa kilikuwa "Tambi za Karai". Chini yake, kwa penseli na kwa herufi ndogo, alikuwa ameongeza: "si za taa".