Kufunga na Kufungua Ardhi: Ngitili, Dhahabu na Historia ya Mazingira katika Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Historia ya mazingira ya Usukuma husimuliwa mara nyingi kwa visa viwili vilivyotenganishwa. Cha kwanza ni cha Shinyanga, mkoa uliofikia kuitwa jangwa la Tanzania, kisha ukaota miti upya. Cha pili ni cha ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, ambako misitu imekatwa na vijito kuchafuliwa. Insha hii inadai kwamba visa hivyo ni historia moja. Katika sehemu zote mbili, hali ya uoto imetegemea jibu la swali moja: ni nani mwenye mamlaka ya kuifunga ardhi, na ni nani mwenye mamlaka ya kuifungua?

2.0 Ngitili kama Utaratibu wa Muda

Wasukuma walikuwa na utaratibu wa kuhifadhi malisho uitwao ngitili muda mrefu kabla ya utawala wa kikoloni. Sehemu ya ardhi ilifungwa mvua zilipoanza, nyasi na miti vikaachwa vikue, kisha ikafunguliwa katikati ya kiangazi, malisho mengine yalipokwisha. Ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia walipewa nafasi ya kwanza. Kulikuwa na ngitili za kaya, ambazo kwa kawaida zilikuwa ndogo na karibu na mji wa mwenyewe, na kulikuwa na ngitili za jamii.

Ni muhimu kuzingatia kwamba ngitili haikuwa hifadhi kwa maana ya eneo lisiloguswa. Ilifungwa ili ifunguliwe. Uhai wake ulitokana na uhakika kwamba aliyejinyima nyasi mwezi wa Januari ndiye atakayezitumia mwezi wa Agosti. Uhakika huo ulilindwa na dagashida, yaani mkutano wa kimila wa wanajamii, ambao ulikuwa na uwezo wa kuwatoza faini waliovunja mipaka.

3.0 Vita dhidi ya Kichaka

Utawala wa Waingereza uliitazama miti ya Shinyanga kwa jicho tofauti. Baada ya sotoka ya miaka ya 1890 kuangamiza mifugo, kichaka kilikuwa kimeenea katika maeneo yaliyoachwa, na mbung'o pamoja nacho. Shinyanga ikawa kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton, aliyeongoza kazi hiyo hadi kifo chake katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kuanzia miaka ya 1920, watu walikusanywa kufyeka vichaka, na mtemi Makwaia wa Usiha alikuwa miongoni mwa viongozi walioiunga mkono kazi hiyo. Mbung'o walirudi nyuma na nchi ya malisho ikapanuka. Hata hivyo, katika fikra rasmi mti ulikwisha kuhesabiwa upande wa adui.

Pamba iliongeza msukumo wa kufyeka. Kufikia miaka ya 1940, maofisa walilalamika kwamba Usukuma ya kati ilikuwa na watu na ng'ombe kupita uwezo wa ardhi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, uliagiza matuta ya kuzuia mmomonyoko na kupunguza mifugo kwa lazima, na ukahimiza watu kuhamia Geita, ambako misitu ya miombo ilikuwa bado mikubwa. Hapa ndipo visa vyetu viwili vinapokutana kwa mara ya kwanza: shida ya ardhi ya Shinyanga na wilaya jirani ilihamishiwa Geita kwa sera ya serikali.

Amri hizo hazikupokewa kimya. Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la watu wa rangi zote, na manung'uniko juu ya kanuni za kilimo na mifugo yalikuwa sehemu ya hasira yao. Si sahihi kuusoma upinzani huo kama uadui dhidi ya hifadhi. Watu waliokuwa na desturi ya kufunga malisho yao wenyewe walikataa kufungiwa na wengine.

4.0 Kutoka Vijiji hadi HASHI

Uhuru haukubadilisha mara moja mtazamo huo. Operesheni ya vijiji katika miaka ya 1970 iliwahamisha wakulima na wafugaji kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika. Waliohamishwa waliziacha ngitili zao nyuma, bila mlinzi. Mifugo ilirundikana kuzunguka makazi mapya, na kuni zikaanza kutafutwa mbali. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mkoani zilikuwa takriban hekta 600 tu.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliofadhiliwa na Norwei. Ulianza kwa mkazo wa kuotesha miche katika vitalu, lakini mafanikio yake makubwa yalitokana na kurejea kwenye ngitili: visiki na mbegu zilizobaki ardhini viliachwa vichipue, na dagashida, sungusungu na sheria ndogo za vijiji vikasimamia mipaka. Kufikia mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 zilikuwa zimerejeshwa. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Mafanikio hayo yana kasoro ambayo haifai kufichwa. Ngitili nyingi zilikuwa za kaya, na mwenye ardhi kubwa ndiye aliyeweza kufunga sehemu kubwa. Kaya isiyo na ardhi ya ziada ilijikuta ikinunua nyasi na kuni ambazo zamani iliziokota. Kufunga kwa mmoja kulikuwa kufungiwa kwa mwingine.

5.0 Dhahabu na Ardhi Isiyofungika

Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Ukanda huo ulifufuka kwa nguvu baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998: mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, miaka mitano baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa Bulyanhulu.

Uchimbaji mdogo hula msitu kwa njia nyingi. Maduara huhitaji magogo ya matimba ili kuta zisiporomoke, kambi huhitaji kuni na mkaa, na mialo ya kuchenjulia huhitaji maji na zebaki, ambayo hupotelea hewani, udongoni na katika vijito vielekeavyo Ziwa Victoria. Lakini kulaumu uroho au ujinga wa wachimbaji ni kukwepa swali la msingi. Kisheria, madini yaliyo chini ya shamba si mali ya mwenye shamba. Leseni inapotolewa, mwenye ngitili anaweza kudai fidia, ila hawezi kudai kilicho chini ya miti yake. Fidia hulipwa mara moja, ilhali ngitili hulipa kila kiangazi. Naye mchimbaji asiye na leseni, anayeweza kufukuzwa wakati wowote, hana sababu ya kupanda mti atakaouvuna baada ya miaka kumi.

6.0 Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba tofauti kati ya Shinyanga na Geita haikutokana na watu wenye maadili tofauti kuhusu mazingira. Ni watu wa utamaduni ule ule, wengi wakiwa wajukuu wa waliohamia Geita kutoka Usukuma ya kati. Miti ilirudi mahali ambapo aliyefunga ardhi aliaminiwa kuifungua, na ilitoweka mahali ambapo amri ya kufungua ilitoka kwingine, iwe kwa mpango wa kikoloni, operesheni ya vijiji au leseni ya madini. Kwa hiyo, mradi wowote wa kurejesha uoto katika ukanda wa dhahabu utakaoanza na miche kabla ya kushughulikia haki ya mwanakijiji juu ya ardhi yake utarudia kosa ambalo historia ya Shinyanga imekwisha kulionyesha.